Aune Raappana, Mlinzi wa Usingizi wa Dubu

Marehemu Aune Raappana, binti Kyllönen, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 hapa Petäjäperä, Kuhmo, mtoto wa pili wa Mzee Heikki, mkata magogo, na Mama Lempi.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, kisha chuo cha mifugo Kajaani, alikopata cheti cha kutunza ng'ombe wa maziwa. Hakuwahi kumkama ng'ombe tena. Mwaka 1974 aliajiriwa na bustani yetu ya wanyama, iliyo nyuma ya kanisa hili, akakabidhiwa dubu.

Wengi hudhani kumtunza dubu aliyelala majira yote ya baridi ni kazi rahisi, kwa kuwa hali, hanywi wala halalamiki. Aune alisema hapo ndipo penye ugumu: "Mgonjwa akilia utamhudumia. Huyu ukimhudumia umemuua." Kila vuli aliwatandikia nyasi kavu na matawi ya misonobari, akafunga lango, kisha kazi yake ikawa kulinda ukimya. Asubuhi alitazama tundu la hewa juu ya pango. Akiona pumzi imegandia ukingoni, alirudi zake kunywa kahawa.

Ukimya huo ndio uliompa mume. Majira ya baridi ya 1978 alisimama barabarani mbele ya gari la kukwangua theluji la Taisto Raappana.

"Zima hilo dude! Kuna mzazi amelala."

"Mzazi gani, dada? Hapa si hospitali."

"Ana kucha. Nenda kamuulize mwenyewe."

Taisto alizima, akashuka na koleo, akaimaliza barabara kwa mikono. Walifunga ndoa mwaka uliofuata. Mwezi Juni, bila shaka, dubu wakiwa macho.

Oktoba iliyopita Aune aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. "Daktari," alisema, "wenzangu wananenepa, mimi nakonda. Kuna mmoja hajaelewa majira." Aligoma kulazwa mpaka dubu wote walale. Januari, Hilla, dubu jike, alizaa; vilio vyembamba vilisikika kwenye kinasa sauti cha pangoni. Aune akamwita Mchungaji kitandani.

"Nikifa, msinipigie kengele."

"Aune, hapa kila mtu hupigiwa."

"Hilla akishtuka atawatupa watoto. Mimi sitaamka, Mchungaji. Mwenye usingizi mwepesi ni yeye."

Mchungaji akaenda kuifunga kamba ya kengele fundo.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Februari 2019, kimya, kama alivyotutaka sisi sote tuwe.

Ameacha mume, Taisto, binti, Sointu, wajukuu wawili, na watoto wa Hilla, ambao idadi yao haijulikani, kwani hakuna aliyethubutu kuchungulia. Kengele yake itapigwa Aprili, Hilla atakapotoka nao.

Apumzike kwa amani. Nasi tukiondoka, tufunge milango ya magari taratibu.