Nilimwambia Baba Arudie Baraka

Wapendwa, Bwana asifiwe hata kwa mdomo wangu huu wenye aibu.

Wengi hapa Amalemba mnanijua kwa kupiga video za matanga, ingawa ndoto yangu ilikuwa filamu. Nyumbani kwetu Likuyani sikuendanga, mpaka niitwe kuzika mtu. Ndivyo nilivyokuwa.

Baba alipougua saratani ya koo na daktari akatuambia tumrudishe nyumbani, nilimwomba tutengeneze filamu pamoja. Yeye angeigiza mzee anayewaaga wanawe, mimi nimwigize mwana. Akakubali upesi. Ndugu zangu, nilifurahi, lakini nilifurahia jina nitakalopata!

Tukawa tunapiga picha karibu na ghala la mahindi, kamera ikirekodi yenyewe. Katikati ya kazi mzee akayaacha maneno niliyomwandikia. Akaniita kwa jina la babu yangu, akanifungua vifungo vya shati, akanitemea mate kifuani, vile wazee wetu hubariki mtoto kabla ya kuondoka duniani. Hakuwa anaigiza. Nami, mpumbavu, nikasema, "Rudia, mzee. Jua lilikuwa limeingia winguni."

"Baraka hairudiwangi," akasema, akaingia ndani.

Tangu hapo akawa hanisemeshi. Mama alinitazama tu, na hata busuma yake, ugali wa kwetu, niliona haya kuila. Nikaenda nyuma ya nyumba kuomba, nikalia. Moyoni nikasikia: mpikie mzee uji. Nikaifungia kamera kwenye sanduku, nikawa nampikia, nampangusa, nambadilishia nguo. Siku moja nikamuuliza kwa nini alikubali kuigiza na koo lile bovu.

"Ningekuita bila kamera, ungekuja?"

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Akalivuta shati langu, akanibariki upya, sauti ikiwa karibu kuisha.

"Baba, si ulisema hairudiwangi?"

"Hairudiwangi. Lakini ile hukuipokea."

Tumeshamzika. Namshukuru Mungu kwa huruma ile, ingawa nikiisimulia bado natazama chini. Nawe uliyemwambia Mungu angoje kidogo kwanza upange mambo yako, hajakuchoka. Weka chini hicho ulichoshika, uje upokee. Mniombee na mimi.