Raisa Kalugina Nyanchera na Mashairi Kumi na Tisa

Marehemu Raisa Kalugina, mke wa Manasseh Ratemo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1938 katika mji wa Kostroma, Urusi, mtoto wa pekee wa fundi viatu na muuguzi. Vita vilimchukua baba yake, Raisa akiwa na miaka minne. Alisomea ualimu Moscow, na shairi lake la kwanza likachapishwa gazetini mwaka 1957. Yalifuata mengine mengi. Huko kwao watu walimjua kwa mashairi kabla ya kumjua kwa sura.

Mwaka 1962 alikutana na Manasseh, aliyekwenda huko kusomea kilimo. Walifunga ndoa tarehe 11 Julai 1964, na Januari 1966 wakafika Ekerenyo, Kenya, kwao Manasseh. Mama mkwe wake, Mama Nyangate, alimtazama akishuka na sanduku moja, akasema aliyekuja kwa njia ndefu hivyo ataitwa Nyanchera. Akaitwa. Alifundisha hesabu katika shule ya harambee, na kila alfajiri, kabla ya kwenda kuchuma chai, aliandika kwa Kirusi.

Mwaka 1971 lilitokea jambo ambalo familia haitalificha. Mama Nyangate alikuta jikoni kapu la karatasi zenye herufi wasizozijua hata waliosoma. Akadhani ni kazi za wanafunzi zilizoharibika, akampelekea mwanawe mdogo, Nyangau, mwenye duka Kebirigo. Nyangau hakuuliza, karatasi ni karatasi. Kwa siku tatu aliwafungia watu sukari na chumvi kwa mashairi ya miaka mitano.

Raisa alipofika dukani hakupiga kelele. Alichukua kifungu cha chumvi, akakisoma, kisha akakaa juu ya gunia. Hapo Nyangau akaelewa. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akibadilisha kila karatasi kwa robo ya sukari, na watu walipoijua bei wakamletea hata barua za mashemeji zao. Alirudi na mashairi thelathini na manne. Kumi na tisa yalikuwa yamewashiwa moto. Alipoombwa ayaandike upya, Raisa alikataa, akasema yaliyo kichwani hakuna wa kuyafungia chumvi.

Figo zilianza kumsumbua Februari 1977. Alilazwa Kisii mara mbili, na mara ya pili akarudishwa nyumbani. Ndipo alipoona kwamba kichwa nacho kina siku zake. Akamwita Nyangau aje na daftari, akaanza kumtajia yale kumi na tisa, polepole, kwa Kiswahili. Nyangau, aliyezoea kuandika maharagwe, akaandika theluji. Siku moja alimwona amechoka sana, akamshauri apunguze beti.

"Shemeji," Raisa akasema, "hapa hakuna kupunguziwa."

Mchana wa tarehe 18 Agosti yalikuwa yamebaki mawili. Alifumba macho, akaacha kutaja. Nyangau akambembeleza amwachie walau moja, hata nusu yake.

"Duka limefungwa, shemeji. Nenda ukale."

Alifariki kesho yake, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Manasseh.

Amewaacha mumewe, watoto wao, Mong'ina na Abner, Mama Nyangate, mama yake mzazi huko Kostroma, aliyepelekewa telegramu, na shemeji yake Nyangau, aliyeandika haya. Mashairi hamsini na moja yamo ndani ya sanduku la bati, na ufunguo anao Mong'ina. Mawili ameondoka nayo. Udongo wa Ekerenyo umpokee taratibu, alale kwa amani.