Siku Mutheu Alipofunga Kitabu

Bwana asifiwe! Ai, wa nyuma hamjaitika. Bwana asifiwe tena! Mimi ni Mama Mutheu wa Mumbuni, yule wa kibanda cha mboga. Leo nimekuja kumshukuru Mungu, na ninyi niwaombe msamaha.

Ndugu zangu, mnakumbuka Jumapili ya watoto mwaka jana, msichana wangu aliposoma zaburi hapa mbele bila kukwama? Mlipiga vigelegele, na mimi nikasimama nikacheza. Yule mtoto hakusoma! Alikuwa ameishika zaburi yote kwa kichwa. Nilimsomea jikoni wiki tatu, nikamfundisha hata mahali pa kugeuza ukurasa.

Mutheu ana akili, lakini herufi zinamkataa. Neno alilolisoma juu, akilikuta chini ni geni. Walimu walisema ni uvivu, na mimi nikamchapa. Niliona aibu, basi! Nikaficha.

Akamaliza gredi ya tisa, ukafika wakati wa kuchagua sekondari. Akina mama wenzangu walitaja shule zenye majina, na mimi ni nani nibaki nyuma? Nikachagua shule moja ya bweni, ya kibinafsi, geti kubwa, basi zake zenyewe. Huko mtoto hupewa kifungu kidogo asome kabla ya kukubaliwa. Nikamuuliza mama mmoja mtoto wake alipewa kifungu gani, tukakikariri wiki nzima.

Kumbe tulipofika ofisini kwao, mwalimu akafungua kitabu kingine! Nikaomba kimoyomoyo, na ombi lenyewe, Mungu anisamehe, lilikuwa la kusaidiwa kudanganya. Mutheu akautazama ukurasa, akanitazama mimi, akakifunga kitabu.

"Mwalimu, mimi sijui kusoma," akasema. "Mwaitu hunisomea, mimi nashika." Kisha akanigeukia mimi mama yake. "Mwaitu, nimechoka."

Nililia pale ofisini mbele ya wazazi wenye viatu vizuri. Lakini yule mwalimu hakutufukuza! Alituambia kwa upole kwamba pale masomo yanakimbizwa na Mutheu angeumia, ila anajua shule ndogo ya kutwa iliyo na mwalimu wa watoto kama yeye. Iko wapi? Kola! Ndugu zangu, Kola ndiko nilikozaliwa, nikaondoka nikiapa sitarudi kwenye vumbi lile. Mungu ana mzaha, haki!

Sasa Mutheu anakaa kwa susu yake, mama yangu, na shuleni anaenda kwa miguu. Mtihani anasomewa, muda anaongezewa, na hakuna wa kumcheka. Majuzi nilipowatembelea alichukua pakiti ya unga akanisomea maandishi yote, pole pole, kidole kikifuata. Ugali uliungua na sikujali. Haleluya!

Mzazi unayemficha mtoto wako, mtoe. Mungu hakuona aibu alipomuumba, wewe unaona aibu ya nani? Mwamini, hata akikupeleka mahali ulipokataa.

Mutheu, njoo mama, usiogope. Ndugu zangu, leo atawasomea. Atakwama, na akikwama msimsaidie, ngojeni tu, chai haikimbii. Na zaburi ile hapana, ile anaijua.

Mchungaji, fungua Biblia popote unapotaka, umpe.