Bi Tarehe na Amri Isiyo na Mwisho

Ifikapo tarehe 31 Machi, msahihishaji mkuu wa prufu katika kiwanda chetu cha uchapaji wa serikali atastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Jina lake kamili limo kwenye faili. Sisi tumemzoea kama Bi Tarehe, naye huitika bila kinyongo.

Alianza kwa kupanga karatasi, akapandishwa cheo na macho yake mwenyewe. Hakuna ukurasa wa Gazeti la Serikali ulioingia mtamboni bila saini yake, na hakutia saini penye nafasi tupu. Kadi za harusi ya meneja zilialika watu tarehe 31 Septemba. Aliyegundua ni yeye. Tangazo la "Lifti imeharibika" aliliongezea kwa kalamu nyekundu: "Mpaka lini?" Fundi alikuja kesho yake, macho chini.

Utani huo uligeuka kazi nzito miaka kumi na minane iliyopita. Ghasia zilikuwa zimezuka, Bunge limepewa likizo, na mchana mmoja afisa kutoka juu akaleta amri ya dharura: mikutano marufuku, na polisi waweze kumshikilia mtu bila kumfikisha mahakamani. Kisheria amri kama hiyo haina nguvu mpaka tuichapishe, na lazima ionyeshe siku ya mwisho. Siku hiyo ikifika, kuongeza muda ni mpaka Bunge lipige kura. Pale pa siku ya mwisho palikuwa patupu.

Bi Tarehe aliirudisha. Ikaja tena, imeandikwa "mpaka itakapotangazwa vinginevyo." Akairudisha. Mara ya tatu afisa alikuja amefura, akamuuliza kama anaitaka kazi. Mjane huyu mwenye watoto watatu shuleni alimjibu kwa upole, "Naitaka sana, kaka. Ndiyo maana nasoma." Fundi mitambo akazima mashine, akaenda zake kunywa chai. Afisa akaandika siku tisini, nusura kalamu itoboe karatasi.

Kwa hilo alihamishiwa stoo miezi kumi na minne. Wapo waliosema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Lakini siku ya tisini ilipokaribia, ilibidi wabunge waitwe; walibishana kutwa, na amri ikashindwa kwa kura nne. Watu wakaanza kurudi makwao kutoka mahabusu. Si yote yaliyorudi kama zamani: mpaka leo mkutano huombewa kibali, nasi tumezoea. Yeye hajazoea. Ila mwaka jana, kwenye mafuriko, afisa mwingine alileta amri yenye siku ya mwisho tayari, na kwa herufi kubwa. Bi Tarehe aliisoma yote vilevile.

Nimalizie na langu, ambalo sijawahi kulisema hadharani. Mchana ule nilimfuata nikamnong'oneza, "Dada, tia tu saini, fikiria watoto." Alinisogezea kitabu cha sheria, akaweka kidole penye kifungu. Sikukisoma. Mimi ndiye niliyekalia meza yake alipokuwa stoo, na aliporudi, yeye ndiye aliyenisalimu kwanza.

Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na wajukuu wasikivu. Na mimi, dada yangu, nakushukuru kwa kutonisikiliza.