Mlango wa Bibi Loisi

— Milango miwili boma watakunyima kibali, Zebedayo. Watasema unafungua kilabu cha pombe.

— Na mlango mmoja nitaishije? Nigongane na mama mkwe kila asubuhi?

Aliyejibu ni baba yangu. Aliyemtisha ni Ambilikile, ambaye kijiweni tunamwita Karani kwa sababu zamani alimbebea hema karani wa boma. Kijiwe chenyewe ni gogo lililolazwa kando ya ukuta wa jiko letu hapa Tunduma, na kahawa inatoka kwa wajomba, Mbozi. Mimi nilikuwa nimekaa chini, karatasi mapajani. Niliacha shule darasa la nne, Bibi Loisi, mzaa mama, alipopofuka, ili nimshike mkono. Lakini mwandiko wangu bado wanausifu. Baba alikuwa anaomba kibali cha kuongeza chumba, bibi aache kulala jikoni kabla mvua hazijaanza. Kwetu mwanamume haonani na mama mkwe wake. Na tarishi angechukua barua kesho yake.

— Andika ni ghala la mahindi, Karani akaniambia. Ghala halikataliwi.

— Na wakija kukagua, ghala likawakaribisha? akauliza Danford, tunayemwita Kopa kwa kuwa alichimba shaba ng'ambo ya mpaka.

— Basi aandike kanisa.

— La mtu mmoja?

— Kanisa huanza na mmoja.

— Sikieni, Kopa akasema. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi Zebedayo auache ufa, ukuta ujijenge wenyewe. Kibali cha nini tena?

Baba hakucheka. Alikuwa anatazama kalamu yangu.

— Lakini mama mkwe wako haoni, ndugu yangu, Karani akasema polepole. Mwiko wa nini?

— Mimi ninaona.

Nesta, muuza chumvi wa Ivuna, alikuwa ametua mzigo wake anywe kahawa.

— Samahani, baba zangu. Mama mwenyewe anasemaje?

Baba hana ruhusa ya kumuuliza. Mimi ninayo, nami humshika mkono kila siku, na sikuwa nimemuuliza. Nikainuka, nikazunguka jiko. Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ametusikia yote kupitia ukuta.

— Andika mlango mmoja, akasema. Baba yako akohoe kabla ya kuingia, nami nitajifunika. Mwiko ni wetu sisi wawili, boma halina haja ya kuujua.