Pipa la Seremala na Mstari wa Profesa

Benchi lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, nje ya karakana ya Seremala. Siku hiyo mwenye benchi alikaa kama mgeni. Kulia kwake alikuwa Profesa, aliyepata jina hilo kwa sababu alifungua milango ya maabara chuoni mpaka alipostaafu. Kushoto Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakamwangusha. Mama Kahawa alikuwa amechutama mbele yao akipuliza jiko lake la mkaa chini ya birika la kahawa. Nyuma yao lilisimama pipa la plastiki lililojaa vumbi la mbao na maganda ya viazi, na mpira mwembamba ulitoka kwenye kifuniko ukaingia dirisha la jikoni kwa Seremala. Pipa hilo lilitakiwa kutoa gesi ya kupikia. Halikutoa hata harufu. Na mama mkwe wa Seremala alikuwa njiani.

—Profesa, mke wangu ameuliza tena. Nimjibu nini?

—Mwambie avute subira. Hesabu haisukumwi kama mkokoteni.

Profesa aliinuka na chaki yake. Mlango wa karakana ulikuwa na mstari aliouchora mwenyewe: ulianza kwa kutambaa, ukapanda ghafla, kisha ukalala kama mtu aliyeshiba.

—Huku chini ni siku, huku juu ni gesi. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari. Bakteria, herufi B hapa mwanzo, wanaukata pingili kwa pingili, wanauchachua, wanatoa gesi.

—Sema wanajamba, —alisema Breki.

—Kitaalamu wanatoa. Wakishiba wanazaana, chakula kikiisha wanalala. Yote yamo humu.

—Na leo tuko wapi?

Profesa aliweka kidole kileleni.

—Hapa. Leo jiko linawaka.

—Jikoni kwa Seremala? —aliuliza Breki.

—Kwenye mstari.

Seremala hakucheka. Jiko la mkaa la mkewe alilikata kwa msumeno wake mwenyewe, akatengenezea kitako cha pipa, kwa kuwa Profesa alimhakikishia kwamba halitahitajika tena. Mkewe alifunika sufuria kichwa chini, akaenda kukaa ukumbini. Sufuria ile ilimchoma Seremala, kwa sababu siku ya posa mama mkwe alisema mbele ya watu: “Maneno anayo. Mwanangu atampikia kwa moto gani?”

—Mimi naona kosa ni mlima, —alisema Breki. —Gesi ni mzigo. Mpira unapanda dirishani, hakuna gia.

—Kosa ni vumbi la mbao, —alisema Profesa. —Ule ni mnyororo mgumu, bakteria wamechoka taya. Naongeza herufi V, ya uvivu.

—Labda wamegoma, —alisema Mama Kahawa bila kuinua macho.

—Mgomo unaingia. Herufi G.

—Au wameshagawanyika, fundi! —Breki alimpiga Seremala begani. —Kuna chama cha maganda na chama cha mbao. Gesi imetoka zamani, wanaipikia wenyewe humo ndani. Wana majiko!

—Majiko, herufi J, —alisema Profesa. Mlango ukajaa, akahamia kwenye kabati la mteja.

Hapo ndipo mama mkwe alipotokea, begi kichwani, jasho shingoni.

—Shikamoo, mama, —alisema Seremala, akisimama nusu.

—Marahaba, mwanangu. Hili pipa ndilo jiko nililosimuliwa?

Akainama, akanusa kifuniko.

—Mbona halinuki?

—Tulilinda usafi, mama, —alijibu Profesa kwa fahari. —Pipa tulilisugua kwa dawa kali ya kuulia vijidudu, maganda na vumbi la mbao tukavichemsha sana, kisha tukafunga kabisa. Uchafu unavuruga hesabu.

—Vizuri. Na hao wanaokula, mliwatoa wapi?

—Bakteria?

—Hao hao. Nani aliwatia?

Breki alichungulia kikombe chake. Profesa aliutazama mlango, akashuka kwa macho mpaka mwanzo wa mstari, akagusa herufi B.

—Hawa hapa.

Mama mkwe aliitazama ile herufi kwa muda, kama anavyotazamwa kijana asiyeinuka kusalimia. Kisha akamgeukia mkwewe, akamtazama vilevile.

—Dada, —Seremala alimwambia Mama Kahawa kwa sauti ndogo, —niazime jiko.

Birika lilikuwa limeshaepuliwa. Seremala alilishika jiko kwa matambara mawili, moshi ukimwingia machoni, akalibeba ndani, mama mkwe nyuma yake na begi lake.

Breki akatikisa kikombe kitupu.

—Sasa kahawa je?

Mama Kahawa aliweka birika lililopoa juu ya pipa, akajifuta mikono.

—Iko kwenye mstari. Jimiminieni.