Historia ya Marehemu Kastulus Zieglmaier, Aliyepanda Hopsi kwa Mbegu

Ndugu waombolezaji, nasoma mimi shemeji yake, nimechaguliwa kwa ukubwa wa sauti, si wa akili.

Kastulus alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 hapa Hallertau, Bavaria, mtoto pekee wa mjane Notburga, mkulima wa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu yake, akasoma shule ya kijijini hadi mwaka 1957, ugonjwa wa mnyauko ulipoua shamba lote la mama yake, na mama naye akafariki baridi ya mwaka huohuo. Alifanya kazi miaka arobaini katika ghala la kukaushia hopsi, akamwoa dada yangu Kreszenz tarehe 14 Mei 1968, wakajaliwa mabinti wawili, Afra na Walburga.

Septemba 1998 alikuta kichakani, kando ya njia ya zamani, shina moja la hopsi za mama yake limejiotea, akafikicha ua, akanusa, akaketi palepale chini. Kwetu hopsi hupandwa kwa kipande cha mzizi, nacho hukatwa majira ya machipuko, naye akayasubiri majira hayo, lakini Januari katapila la barabara likaling'oa shina lile, akabaki na mbegu za ua lile tu, alizotia mfukoni.

Hapa hakuna anayepanda hopsi kwa mbegu, kwa kuwa mtoto hafanani na mama, na nusu hutoka madume ambayo chavua yake huharibu mavuno ya majirani. Yeye, akiitafuta harufu ya hopsi za mama yake, alipanda uani kwake, zile za kwanza, kisha mbegu za watoto na wajukuu wao, akizilaza kwanza kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji, Kreszenz akifoka, "Baba Afra, siagi niiweke wapi, kitandani?" Kila Juni jirani yetu Blasius aliita toka kwenye uzio, "We mzee, dume lako linataka kuchanua, ling'oe kabla sijaja na jembe!" naye aling'oa, akiliomba radhi. Kila Agosti alifikicha maua ya majike, akanusa, akatikisa kichwa.

Aprili 2023 aliugua saratani, na dawa zikamwondolea uwezo wa kunusa. Tarehe 27 Agosti alimwita Blasius, aliyechuma shambani kwa Notburga utotoni, akampa ua, akasema, "Ninusie wewe, na usinidanganye." Blasius alinusa muda mrefu, akajibu, "Inakaribia, Kastulus. Siyo yenyewe." Kastulus akacheka, akasema, "Basi mwakani." Alifariki tarehe 4 Septemba, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa ghalani, majirani wote, na Blasius kwa kutomdanganya.

Pumzika sasa kwa amani, Kastulus. Harufu ile sisi hatukuweza kukupatia, mwombe mama akunusishe.